Jazi ya Fyusheni kwa Mlango wa Besi: Vibao vya Kuanzia na Namna ya Kuvisikiliza

Mwambie mtu wa makamo pale Kariakoo kwamba siku hizi unasikiliza jazi, na huenda akakuuliza: Morogoro Jazz au Western Jazz? Ana haki ya kuuliza. Kwetu neno hilo lilibandikwa kwenye bendi za dansi tangu enzi za wazee wetu, na bendi zenyewe zilikuwa za magitaa, tumba na mapulizo. Jazi ninayoizungumzia hapa ni ya Marekani, tena kipande chake kimoja tu: kile kilichochomoza mwishoni mwa miaka ya 1960, wanamuziki wa jazi walipochomeka vyombo vyao kwenye umeme, wakaazima mdundo wa fanki na ukali wa roki, lakini wakabaki na tabia yao ya zamani ya kutunga papo hapo. Hiyo ndiyo inayoitwa fyusheni.

Mimi niliingia vibaya. Rafiki aliniwekea kwenye flashi albamu ya Miles Davis, mpuliza tarumbeta wa Marekani, iitwayo Bitches Brew, akaniapia kwamba hapo ndipo pa kuanzia. Nikafungulia usiku wa mvua. Baada ya dakika kumi jirani alinigongea ukuta na kuuliza kama redio imepoteza stesheni. Nikazima, na sikuigusa tena kwa karibu miaka miwili.

Aliyenirudisha ni fundi redio. Nilipeleka spika iliyokuwa inakoroma, na alipomaliza kuifunga akaijaribu kwa wimbo mmoja wenye besi nene inayopanda na kushuka kama mtu anayetembea kwa maringo. Nikamuuliza ni wa nani. Akasema hajui, ila huo ndio wimbo unaomwonyesha kama spika imepona. Ulikuwa "Chameleon" wa Herbie Hancock, mpapasa kinanda wa Marekani. Tangu siku hiyo nikimpokea mtu mgeni kwenye muziki huu, simpeleki kwa Miles kwanza. Nampitisha kwenye besi, na mwongozo huu umepangwa hivyo hivyo.

Hatua ya 1: Tengeneza masikio

Spika ya simu haifai. Haina uwezo wa kutoa sauti za chini, na ukiondoa sauti za chini kwenye fyusheni unabaki na watu wanaopiga kelele bila sababu. Tumia spika za masikioni, hata za bei ndogo, almuradi pande zote mbili zinafanya kazi, kwa sababu rekodi nyingi za wakati ule zimegawa vyombo kushoto na kulia. Vibao ni virefu, kwa hiyo vipakue mapema. Hakuna kinachoudhi kama bando kukatika solo linapoanza kukolea.

Angalia pia urefu. Vingi vilikatwa vikawa vifupi ili vipigwe redioni, na kilichokatwa mara nyingi ndicho kitamu. "Chameleon" kamili inazidi dakika 15. Ukikuta ya dakika tatu, hiyo ni kionjo.

Halafu kila kibao kisikilize mara tatu. Mara ya kwanza fuata besi peke yake, wengine wapuuze. Mara ya pili fuata drams. Mara ya tatu ndipo umsikilize anayeongea juu, awe wa tarumbeta, kinanda au gitaa. Aliyekulia kwenye dansi hatapata taabu hapa: kwenye chemko, pale wimbo unapokolea, gitaa la rhythm na besi havibanduki, vinarudia kitu kilekile, na solo ndilo linalotembea. Fyusheni inasimama kwa miguu hiyohiyo.

Hatua ya 2: "Chameleon" (Herbie Hancock, 1973)

Kimo kwenye albamu ya Head Hunters. Kinaanza na besi peke yake, na hapo pana mtego wa kwanza, kwa sababu hilo si gitaa la besi. Ni Hancock mwenyewe anapapasa sinthesaiza, kinanda kinachotengeneza sauti kwa umeme, ya ARP Odyssey kwa mkono mmoja. Drams za Harvey Mason zinaingia, kisha unasikia kitu kinachofanana na gitaa la rhythm kikikwaruza kwa upande. Mtego wa pili: albamu nzima haina mpiga gitaa. Huyo ni Paul Jackson, mcharaza besi, amepanda juu kabisa kwenye nyuzi zake. Baadaye kinanda cha klavineti kinaanza kuchokoza, na saksafoni ya Bennie Maupin inakuja mwisho kabisa, wakati wewe umeshaanza kutikisa kichwa.

Namna hiyo ya kuingia mmoja mmoja ndiyo inayofanya kibao hiki kiwe mwalimu. Hujatupiwa vyombo vitano kwa mpigo. Umetambulishwa kila mmoja kwa zamu yake, na ukipotea unajua pa kurudi. Hancock anapoanza solo lake la sinthesaiza, besi haijabadilika hata kidogo. Anapinda noti, anazivuta, anafanya mashine ilie kama paka, na chini yake watu wanasukuma mkokoteni uleule.

Karibu na nusu ya njia kila kitu kinageuka. Besi mpya inaingia, nyepesi na yenye kukimbia, na Hancock anahamia piano ya umeme. Wasikilizaji wengi hudhani wimbo umeisha na mwingine umeanza. Vumilia, maana besi ya mwanzo itarudi, na ikirudi utaisikia kwa sikio jingine.

Ukishakizoea, baki kwenye albamu hiyohiyo usikie "Watermelon Man". Hancock aliutunga na kuurekodi mara ya kwanza mwaka 1962 kama wimbo wa jazi wa kawaida, akikumbuka muuza matikiti wa utotoni mwake kule Chicago. Toleo la 1973, lililopangwa upya na Harvey Mason, linaanza na mtu anapuliza chupa ya bia. Ni Bill Summers, mpiga ala ndogondogo wa bendi. Anapuliza noti moja, anaimba nyingine kwa sauti nyembamba, anapuliza tena, anaimba tena, mpaka pumzi na sauti vinasukana kama ukili. Ufundi huo ameuiga kwa Wababenzele, watu wa msituni wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, wanaoufanya kwa kifilimbi kidogo chenye noti moja, hindewhu. Rekodi zao zilikuwa zimetoka kwenye santuri katika miaka ya 1960, na Summers alikuwa amezisikia. Jaribu mwenyewe na chupa ya soda iliyobaki nusu. Dakika mbili zitakutosha kumheshimu mtoto wa Kibabenzele.

Hatua ya 3: Bendi yenye majina yetu

Hii ni hatua ambayo msikilizaji wa Kiswahili ana faida kuliko mtu wa London au Tokyo.

Kabla ya Head Hunters, Hancock alikuwa na bendi nyingine, na albamu yake ya 1971 inaitwa Mwandishi. Hujakosea kusoma. Wanabendi walikuwa wamejipa majina ya Kiswahili. Hancock ni Mwandishi, kwa maana ya mtunzi. Buster Williams wa besi ni Mchezaji. Billy Hart wa drams ni Jabali, jina linalomfaa mpiga drams kuliko mtu yeyote. Eddie Henderson wa tarumbeta ni Mganga, na huyo alikuwa daktari kweli, mwenye shahada ya udaktari; sisi wenye Mganga Mkuu wa Wilaya tunalielewa jina hilo kwa haraka kuliko Mmarekani anayedhani ni mambo ya hirizi tu. Bennie Maupin ni Mwile, ambalo sisi tungeandika Mwili. Julian Priester wa tromboni ni Pepo Mtoto. Sijui bibi yangu wa Pangani angesema nini kumsikia mtu amejiita hivyo kwa hiari yake, maana kwake pepo alikuwa wa kupungwa. Wao walikusudia roho ya mtoto, kitu safi.

Majina hayo yalitoka kwa kijana mmoja mpiga tumba, James Mtume, aliyekuwa kwenye kundi la Maulana Karenga huko Los Angeles. Karenga ndiye aliyeanzisha sikukuu ya Kwanzaa mwaka 1966, na kwa Wamarekani Weusi wa harakati zile Kiswahili kilikuwa lugha ya Afrika isiyo ya kabila moja wala ya mkoloni. Desemba 1969 Mtume alimshirikisha Hancock kwenye albamu ya mjomba... hapana, ya baba yake mdogo, Albert Heath, iitwayo Kawaida, yenye vibao kama "Baraka", "Dunia" na "Tayari". Kutoka hapo Hancock akabaki na jina la Mwandishi, na bendi ikamfuata.

Kibao cha kuanzia ni "Ostinato (Suite for Angela)", cha dakika 13, kwa heshima ya Angela Davis, mwanaharakati wa Wamarekani Weusi, ambaye wakati wa kurekodi, Desemba 31, 1970, alikuwa mahabusu akisubiri kesi ambayo baadaye aliishinda. Hapa mwili wako utakataa mwanzoni. Utataka kugonga mguu moja-mbili-tatu-nne, na kila ukifika mwisho wa mzunguko utajikuta umekosea kidogo, kama ngazi yenye kidato kimoja pungufu. Sababu ni kwamba mzunguko una mapigo 15. Usihesabu hadi kumi na tano, utachanganyikiwa. Hesabu haraka hadi nane, kisha hadi saba, kisha nane tena. Besi ya Mchezaji inarudia kipande hicho bila kuchoka, na ukiishika kwa dakika tatu nne mwili utaacha kukataa.

Drams humo ni mbili. Jabali yuko upande mmoja, na mwingine ni kijana aliyeitwa Leon Chancler, jina lake la Kiswahili Ndugu. Huyo Ndugu unamjua hata kama hujawahi kusikia jina lake: ndiye aliyepiga drams za "Billie Jean" ya Michael Jackson. Ule mwanzo ambao kila mtu anautambua kwa sekunde mbili, kabla hata besi haijaingia, ni Ndugu.

Sitakuficha, albamu zilizofuata za bendi hii, Crossings na Sextant, ni ngumu zaidi, zimejaa milio ya sinthesaiza inayoelea hewani. Ziache kwanza.

Hatua ya 4: "Birdland" (Weather Report, 1977)

Ukitaka kibao cha kupiga mbele ya ndugu waliokuja Jumapili bila mtu kukuuliza una nini, chukua hiki. Kimo kwenye albamu ya Heavy Weather, kimetungwa na Joe Zawinul, mpapasa kinanda kutoka Vienna aliyehamia Marekani mwaka 1959. Birdland ilikuwa klabu ya jazi ya New York, na wimbo ni kama kumbukumbu yake ya ukumbi uliojaa bendi kubwa. Kuna kiitikio unachoweza kukiimba, na watu wamekiimba: kundi la Manhattan Transfer lilikitoa miaka miwili baadaye kikiwa na maneno ya Jon Hendricks.

Sikiliza sekunde za mwanzo kwa makini. Zawinul anaanza na besi ya sinthesaiza, kisha sauti nyembamba ya juu inaingia na wimbo. Utaapa ni gitaa. Ni gitaa la besi la Jaco Pastorius, ambaye anagusa nyuzi kwa wepesi, zikatoa mlio wa kengele. Jaco alikuwa amenyofoa vyuma vya shingo ya gitaa lake, akaziba mapengo na kupaka gundi ngumu juu yake, ndiyo maana noti zake zinateleza na kutetemeka kama sauti ya mtu. Wacharaza besi duniani wamegawanyika kabla yake na baada yake, nami siioni kama chumvi. Alifariki 1987 akiwa na miaka 35.

Kuhakikisha, nenda kibao cha "Teen Town" kwenye albamu hiyohiyo. Hakifiki dakika tatu. Besi ndiyo inayoimba wimbo mzima, mbio kama mtoto aliyeona mama karudi na mkate, na drams amepiga huyohuyo Jaco. Kisha tulia na "A Remark You Made", ambamo saksafoni ya Wayne Shorter na besi hiyo wanazungumza polepole kama watu wawili waliobaki barazani baada ya wageni kuondoka.

Hatua ya 5: "Spain" (Chick Corea na Return to Forever)

Sitakaa sana hapa, kwa sababu wimbo huu hauhitaji mwalimu. Ulirekodiwa 1972 kwa albamu ya Light as a Feather. Mwanzo wake wa taratibu umeazimwa kwenye sehemu ya pili ya Concierto de Aranjuez ya Mhispania Joaquín Rodrigo, Corea akiwa kwenye piano ya umeme. Halafu Airto Moreira, Mbrazili, anafungulia drams za samba, filimbi ya Joe Farrell inaruka, na bendi nzima inapiga vipande vifupi vilivyokatwakatwa, pamoja na makofi. Kazi yako ni kujaribu kupiga makofi hayo pamoja nao. Utakosea. Rudia. Siku utakayoyapata yote utakuwa umeshaelewa kitu ambacho maelezo yangu hayawezi kukupa.

Jambo moja la kulisikilizia: Stanley Clarke humo anapiga besi kubwa ya kusimama, ile ya mbao, si ya umeme. Fyusheni haikuwa na sheria ya kwamba kila kitu kichomekwe.

Hatua ya 6: Sasa ukali

Orodha nyingi zitakutupa kwa Mahavishnu Orchestra kwa kuanza na vibao vyao vya kasi, na ndivyo wanavyopoteza watu. Bendi hii ya John McLaughlin, mkung'uta gitaa kutoka Uingereza, ilikuwa na Mwingereza, Mwairishi, Mcheki, Mmarekani na Billy Cobham aliyezaliwa Panama, na wote walikuwa na mikono myepesi ya kutisha. Ukiwasikia wakikimbia kabla hujawasikia wakitembea, utaona ni sarakasi tu.

Anza na "You Know, You Know" kutoka The Inner Mounting Flame ya 1971. Gitaa linachezea kipande kidogo cha huzuni, kinarudi na kurudi, kimya kinaachwa katikati. Ndani ya vimya hivyo Cobham anaingiza drams: mara mguso mmoja, mara mvua ya mawe, kisha kimya tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Hapa utaona kuwa huyu mtu mwenye nguvu za trekta anajua pia kunyamaza. Ndipo uende "Birds of Fire" ya 1973. Inaanza na mlio wa gongo, kisha gitaa linasokota mapigo 18 kwa mzunguko na fidla ya Jerry Goodman inapaa juu yake. Usihesabu. Safari hii acha ikupige.

Cobham alitoa albamu yake mwenyewe mwaka huohuo wa 1973, Spectrum, na humo mna "Stratus". Mwanzo ni milio na drams zinazozunguka kwa muda mrefu bila kuelekea popote. Watu wengi huruka hapo, na wanakosa. Ngoja. Dakika kama tatu hivi zikipita, drams zinaanza kukimbia sawasawa na besi ya Lee Sklar inaingia na kipande kimoja kifupi ambacho hatakibadilisha kwa muda mrefu sana. Raha yake inatokana na kungoja. Ni kama daladala iliyokaa kwenye foleni ya Ubungo, kisha ghafla barabara imefunguka. Tommy Bolin, aliyepiga gitaa la umeme humo, alikuwa na miaka 21, na alikuwa mtu wa roki zaidi kuliko wa jazi. Kama besi hiyo unaifahamu na hukumbuki wapi, ni Massive Attack, kundi la Uingereza, waliichukua mwaka 1991 kwenye "Safe from Harm".

Hatua ya 7: Rudi kwenye chanzo

Sasa uko tayari kwa Miles. Ukichunguza majina tuliyopita nayo, Hancock, Zawinul, Shorter, Corea, McLaughlin, utaona wote walipita mikononi mwake. Tarehe 18 Februari 1969 watano hao waliketi naye studio huko New York, pamoja na Dave Holland wa besi na Tony Williams wa drams, wakarekodi In a Silent Way. Fikiria: vinanda vitatu vya umeme kwa wakati mmoja, na albamu haina kelele hata chembe.

Upande wa pili ndio wa kuanzia. Zawinul alikuwa amekuja na wimbo wenye kodi nyingi, yaani mafungu ya noti zinazopigwa kwa pamoja. Miles akazifuta karibu zote, akabakisha sauti moja ya chini inayovuma na wimbo juu yake. McLaughlin, aliyekuwa amefika Marekani juzijuzi tu, aliambiwa apige kama mtu asiyejua gitaa, na unamsikia anagusa kila uzi kwa woga kama anayepita kwenye nyumba ya watu waliolala. Kisha besi inaingia na "It's About That Time", na hapo masikio yako ya "Chameleon" yatatambua jamaa zake. Mshike Tony Williams: kwa dakika nyingi anagonga pigo moja dogo, kavu, lilelile, na unajua kabisa anaweza kulipua chumba. Anapolipua, karibu na mwisho, ni kwa muda mfupi tu.

Halafu wimbo wa mwanzo unarudi, na hujasikia vibaya ukidhani ni uleule. Ni uleule. Mtayarishaji Teo Macero alikata ukanda wa kurekodia na kuunganisha sehemu ya mwanzo mwishoni. Katika jazi, ambako watu waliapa kwa kupiga moja kwa moja bila kugusagusa, mkasi ulikuwa karibu na dhambi. Leo kila mtayarishaji wa bongofleva anafanya hivyo kabla ya chai.

Na Bitches Brew? Iliyonifukuza mimi ilirekodiwa kwa siku tatu za Agosti mwaka huohuo, ikatoka 1970. Ifungue kwa "Spanish Key", si kwa kibao cha kwanza. Mdundo wake ni wa kusukuma mbele, besi ni mbili na unaweza kuzishika zote mbili, na klarineti ya besi ya Bennie Maupin, yuleyule Mwile wetu, inatambaa chini kama moshi wa ubani. Ukiuzoea huo, vingine vitafunguka kwa wakati wake, na kama havikufunguka hudaiwi na mtu.

Hatua ya 8: Kirefu kuliko vyote

Mwaka 1974 Miles alitoa Get Up with It. Humo kuna kibao kinachoitwa "Mtume", kwa jina la yule mgawa majina, ambaye wakati huo alikuwa anampigia tumba. Kuna "Maiysha", jina ambalo hata kwa tahajia hiyo huwezi kulipita bila kusikia maisha. Na kuna "Calypso Frelimo", cha dakika 32, kilichorekodiwa Septemba 1973, Msumbiji ikiwa bado vitani na Wareno. Frelimo, chama cha ukombozi wa Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, kwa hiyo kati ya vibao vyote vya mwongozo huu, hiki kimefika mpaka mtaani kwetu.

Kisikilize kama safari ya vituo vitatu. Theluthi ya kwanza ni mbio: tumba za Mtume, drams za Al Foster, kipande kidogo cha wimbo kinachorudi kila mara kwenye kinanda. Theluthi ya kati inashuka ghafla, na hapo besi ya Michael Henderson inabaki peke yake ikiburuta noti chache, polepole, huku kila kitu kingine kikielea. Usiruke sehemu hii. Kama umefuata hatua zote, ndiyo itakayokuonyesha umefika wapi, kwa sababu mwezi mmoja uliopita ungeizima. Mwisho mbio zinarudi.

Nilimpelekea kibao hicho yule fundi redio, kama shukrani ya spika. Akakichomeka kwenye subwoofer ya mteja na kuendelea kuchomelea waya. Kufika dakika ya kumi, besi iliposhuka, aliweka bisibisi mezani.

"Huu unaisha saa ngapi?"

Nikamwambia zimebaki kama dakika 22. Akavuta stuli, akakaa.